Asubuhi Sitapiga Simu

Mwanangu Mwanaidi,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kumuulizia hali aliye mbali. Wewe uko chumba cha pili. Nakusikia unapanga begi, unapangua, unapanga tena, na katikati ya hapo umekumbuka kwamba nywele umesuka upande mmoja tu. Kwa hiyo hali yako naijua. Mimi nimekaa hapa kwenye cherehani niliyoifunika, kalamu mkononi, na naona haya kidogo, maana barua ya mwisho niliyoandika ilikuwa ya kumjibu baba yako kama nakubali posa.

Ningeweza kuja hapo mlangoni nikasema kwa mdomo, lakini unanijua. Ningeanza na la maana, nikaona kanga yako imekunjwa vibaya, nikaikunja, nikakumbuka mkasi wangu nilipouacha, nikatoka kwenda kuutafuta, na la maana likabaki kitandani kwako linatungoja. Kwenye karatasi nikipotea narudi mstari wa juu, naona nilikuwa wapi. Hilo nimelijua kwako.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutoazimisha ndoo sitayaandika. Umeyasikia mpaka yamechuja, na mengine unayafanya vizuri kuliko mimi.

Juzi nilipokuwa napinda pindo la sketi yako, umesimama mbele yangu umenyooka ili lisipinde, ukaniambia, "Mama, safari hii asubuhi usinipigie simu." Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaitikia kwa pua, nikaendelea na pindo. Ukaniangalia kidogo. Najua ulitaka jibu la mtu mzima. Jibu lenyewe ninalo, ila siwezi kukupa mkono mtupu, lazima nikueleze limetoka wapi.

Ulipokuwa mdogo nilikutuma chumvi dukani kwa Mangi. Ulirudi jua limeinama, huna chumvi, huna hela, umekumbatia kifaranga aliyevunjika mguu. Mguu umemfunga kijiti, kwa uzi ulioufumua kwenye shimizi yako mwenyewe. Mchuzi tuliula chapwa siku ile, na wewe nikakuchapa. Kifaranga alipona, akawa tetea, akataga, na mayai yake nikayala bila haya yoyote. Haikunipitia akilini kwamba mkono uliofunga kile kijiti ulikuwa wa kuheshimiwa.

Shuleni kila mwalimu alikuwa na neno lake. Mmoja aliniambia, "Mama, mwanao anazurura huku amekaa," na wazazi wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nisilie. Mtaani walikuwa wananianzia, "Asiyefunzwa na mamaye," halafu wanaishia hapo, wanajua nitamalizia mwenyewe. Basi nikakufunza kwa vile nilivyokuwa navyo, yaani kelele na mwiko. Nilijiambia, mtoto aliyeweza kumuuguza kifaranga mpaka akatembea, anashindwaje kukaa na hesabu mpaka ziishe? Nikaamua ni kiburi. Kumbe swali lilikuwa zuri, ila nililijibu haraka.

Ulipovunja ungo nilifurahi kupita kiasi. Nilisema sasa dawa imepatikana. Likizo ikifika unakwenda kwa bibi yako Marui, unawekwa ndani, unafundwa kama tulivyofundwa sisi. Mwali hapayuki wala hakimbii, macho yake chini na sauti yake chini. Mimi mwenyewe nilitoka mle ndani nimetulia kama maji ya mtungi, au ndivyo ninavyopenda kusimulia. Bibi yako husimulia vingine.

Hazikupita siku nyingi bibi yako akapiga simu. Mwali ametoka dirishani. Mbuzi wa jirani alikuwa ameingia kwenye mihogo, ukamwona kupitia dirisha, ukamfuata, na Marui nzima ikamshuhudia mwali kichwa wazi anamkimbiza mbuzi mpaka kwenye mikorosho. Watani zetu walipata cha kusema mwaka mzima. Nikapanda gari mpaka Kisarawe, kutoka pale nikachukua bodaboda, njia nzima napanga maneno ya kukuchana.

Nilipoingia chumbani nilikukuta umekaa na somo yako, Bi Tatu, aliyepewa kazi ya kukufunda. Umekunja miguu, ukindu mapajani, unasuka ukili, na Bi Tatu anaimba na wewe unaitikia. Aliyokuwa anakufundisha uliyajua yote, kwa mpangilio wake, hukuruka hata moja. Nikamuuliza Bi Tatu amekufanyaje. Usije ukadhani alinipa hekima. Alisema ana mkeka wa watu umechelewa na amekupa ukili ili usimsumbue. Wewe ndiye uliyesema, macho chini kama mwali anavyopaswa, "Mama, nikisuka nasikia."

Neno hilo lingetuokoa miaka mingi kama ningelishika. Sikulishika. Uliporudi nyumbani Kongowe ukaanza kufanya kazi za shule huku unasuka, nikakunyang'anya ukili nikauficha juu ya kabati, nikakwambia jambo moja kwa wakati mmoja. Nilikuwa na uhakika kabisa. Watu tunaokosea sana huwa na uhakika wa namna hiyo.

Ulimaliza shule kwa kuburuzana, lakini ulimaliza, na mimi nikakuchagulia uhasibu, Dodoma. Wewe hukutaka na wala hukukataa. Nilitaka uwe mtu wa ofisini, mwenye kiti kinachozunguka. Na kwa kuwa nilijua huwezi kuamka, huwezi kukumbuka, huwezi kufika, nikaamua nitaweza mimi kwa niaba yako. Kila alfajiri nikitoka kuswali nakupigia. Amka. Leo una somo gani. Daftari liko wapi. Ratiba yako niliijua kuliko walimu wako, na nilijisifu nayo mpaka kisimani. Shoga zangu walisema, mama kama wewe hayupo.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mtihani. Jana yake nilikuwa na sare za shughuli ya watu, akina mama wote wanataka mshono mmoja, na mimi kama kawaida yangu nilikuwa nimeanza zote na sijamaliza hata moja. Simu ikazamia chini ya vitenge, ikazima. Nikalala nimelalia meza. Nilipoipata adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa, na wewe ulikuwa umeshafika umechelewa mlangoni mwa chumba cha mtihani na umeshakataliwa.

Hukutuambia. Ulijifungia hosteli mpaka muhula ukaisha, ukarudi na begi. Nilipouliza ulisema, "Mama, hukupiga," kwa sauti ya mtu anayesema mvua imenyesha. Ningependa ungefoka. Maneno yale mawili yamekaa hapa kifuani mpaka leo, na siandiki hivi ili unionee huruma. Naandika kwa sababu ndipo nilipoelewa nilichokuwa nafanya. Nilikuazima kichwa changu ili usihitaji kutengeneza njia zako, na kichwa chenyewe kilikuwa kibovu kuliko chako.

Baba yako ndiye aliyetutoa. Yule mtu wa maneno machache, anayelinda kiwanda usiku na kulala mchana, alirudi asubuhi moja hajavua hata koti la lindo. Akasema, "Wanamsema Mwanaidi redioni." Alikuwa amesikiliza kipindi cha daktari, na kila dalili iliyotajwa aliitikia peke yake getini. Tukaenda Dar, hospitali, kitengo cha afya ya akili. Nilijifunika mtandio mpaka puani nisionekane kwenye foleni ile. Wewe ulikaa uso wazi, unazungumza na kila mtu.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Akauliza, unaanza vitu bila kuvimaliza? Unapoteza vitu ulivyovishika sasa hivi? Unaambiwa jambo unaitikia, halafu linayeyuka? Unasema dakika moja, na jua linazama? Wewe unajibu ndiyo, ndiyo, na mimi pembeni nahesabu moyoni magauni niliyoyaacha bila mikono. Akanigeukia, "Na mama je?" Nikaangua kicheko. Kicheko kikageuka kingine, ukanipa kanga yako nifute uso.

Akatuambia jina lake, ADHD, na kwamba mtu huzaliwa nayo, na mara nyingi hufuata damu. Akasema umakini tunao tena mwingi, ila haufuati amri. Unakwenda unakopenda wenyewe, na kazi yetu ni kujua namna ya kuuvuta. Habari ya dawa mliizungumza wewe na yeye, na itaendelea kuwa yenu wawili na daktari utakayempata huko. Mimi nilitoka na jambo moja tu, nilikuwa nimekaribia uzee bila kujijua, na nimejulishwa na mwanangu.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda.

Mtu mwingine angekaa akalia. Wewe ulilia kidogo, kisha ukaanza kuitengeneza nyumba hii. Ulianza na kitasa. Ukatangaza kuwa chochote kinachotoka kesho kinalala kwenye kitasa cha mlango leo, ili mtu asiweze kutoka bila kukigusa. Baba yako akaning'iniza tochi yake, mimi nikaning'iniza vitambaa vya watu, mpaka mgeni akija hajui aushike wapi mlango. Tulicheka. Lakini tochi haijasahaulika tena.

Ukahamia kibarazani kwangu. Mimi, fundi niliyejulikana kuanzia hapa Kongowe mpaka Mailimoja kwa jina la Njoo Kesho. Ulinitazama siku nzima nikifanya kazi, ukasuka ukili wako. Jioni ukaniambia kitambaa kikiingia kwenye mfuko, kwetu sisi kimekufa. Ukavuta kamba ukutani, ukavitoa vyote kwenye viroba ukavianika, cha kwanza kutoka kiwe karibu na mlango. Niliona aibu, deni langu lote la kazi limeanikwa wapita njia walione. Lakini hakuna nguo iliyopotea tena.

Nilipokuwa nashindwa kuanza, na unajua kile kizito kinachokaa begani wakati kazi iko mbele yako na mkono hauendi, hukunihimiza. Ulisema, "Tunga uzi tu, mama. Ukishatunga, kama hutaki, acha." Nikatunga. Sijawahi kutunga uzi nikaacha. Kuna siku nilikutukana kimoyomoyo kwa kunipata kirahisi hivyo.

Na saa zangu, ambazo hazijawahi kuwa na dakika ndani yake, ukanipimia kwa maharage. Sufuria likiwekwa jikoni, sketi moja mpaka yaive. Tuliunguza mara kadhaa, kwa sababu tulikuwa wawili wa aina moja tunategeana. Ukabadilisha, ukaleta kipindi cha taarabu cha redio. Wimbo ukiisha, inuka, nyoosha mgongo, angalia kamba.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa lile benchi. Ulikuwa unakaa pale na kitabu chako, husemi nami, husaidii hata kuokota pini. Nilikuuliza unafanya nini. Ukasema, "Nakusindikiza." Na kweli, ulipokuwepo kazi ilikwenda, ulipoondoka nikaanza kupanga upya masanduku ya nyuzi. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusindikizwa akiwa amekaa hapo hapo. Na wewe ulikuwa unasoma vizuri kuliko ulivyowahi kusoma, kwa sababu na mimi nilikuwa nakusindikiza kwa mlio wa cherehani.

Sikukuu iliyopita ndiyo ya kwanza, tangu nijue kushona, mwezi kuandama pasipo mteja anayelia kibarazani. Mama Rehema wa nyumba ya tatu alikuja amejifunga kibwebwe, amekuja kugombana. Ukamshushia gauni lake limenyooka. Akalitazama mbele, akalitazama nyuma, akakasirika kabisa, maana maneno yake yote aliyoyaandaa njiani hayakuwa na pa kwenda.

Nisijisifu nikapitiliza. Vifungo bado vinanishinda, wewe shahidi. Nguo ikifika kwenye vifungo, roho yangu inaona imeshaisha, inahamia kitambaa kingine. Kongowe hii hakuna mwanamke asiye na sindano nyumbani, na ni mimi niliyewafundisha kushona vifungo wenyewe.

Halafu Magindu. Nilikutuma umpelekee Mama Saitoti magauni yake, yule mfugaji aliyekuwa akija kwangu na vitambaa vyekundu. Nilisema nenda rudi. Alasiri hujarudi, na simu yako iko jikoni, hukuiweka kwenye kitasa. Nikajua ndiyo yale yale, nikachukua bodaboda, na hasira yangu ya siku zote tukapakizana.

Nilikukuta zizini umepiga magoti, mikono ina damu mpaka kiwikoni, mbuzi ameshindwa kuzaa na bwana mifugo wa kata yuko pembeni yako. Nikaita. Hukusikia. Nikaita tena. Mama Saitoti aliniwekea mkono begani, akaniambia hujanywa hata maji tangu asubuhi, wamejaribu kukupa. Basi nikasimama kwenye miba ya boma nikakuangalia, na nilimwona mtu ambaye sikuwa nimemlea. Alikuwa hatikisiki. Mkono unatafuta taratibu, macho yamefumbwa, masikio yapo kwa mbuzi peke yake. Watoto walitoka wawili, mmoja ukamsugua kwa majani makavu mpaka akapiga kelele. Bwana mifugo akaniambia, "Mama, huyu anaona kabla sijamwonyesha." Nilikuwa nimekuja kukugombeza, nikajikuta nakushikia ndoo unawe.

Mwanaidi, nilikuonea fahari siku ile. Nilitaka kukwambia njiani, lakini ulilala mgongoni mwangu kwenye bodaboda. Nakwambia sasa.

Yaliyofuata uliyatafuta mwenyewe. Kuzunguka na bwana mifugo kwenye chanjo, kurudia masomo ya sayansi pale kwenye benchi, kuomba chuo cha mifugo Tanga. Mimi sikushika hata karatasi. Na kuna jambo hujui kuwa nalijua. Siku uliyopiga simu chuoni ulikuwa nyuma ya nyumba, na mimi nilikuwa naanua nguo. Nilikusikia unasema, "Nina hali inaitwa ADHD. Sitafuti huruma. Naomba nikae mbele, na niruhusiwe kusuka darasani, ndivyo ninavyosikia." Ukamsikiliza wa upande wa pili, halafu ukasema, "Nashukuru sana, shikamoo," ukakata, ukakaa chini kwenye mchanga. Mimi niliyejifunika mtandio mpaka puani nilisimama na nguo mbichi mikononi. Ujasiri ule hukuutoa kwangu. Sijui umeutoa wapi, lakini usiupoteze.

Nina neno moja la kukupa, na ni la mtu aliyeumia.

Utaanguka. Kuna siku utasahau kitu kikubwa huko, na mimi sitakuwepo na pengine hata kitasa hakitakuwepo. Mtihani wa Dodoma, ungekwenda kwa mwalimu siku ile ile ukasema nimechelewa, huenda kulikuwa na njia. Ulijifungia. Kuchelewa kulikuchukulia asubuhi moja, aibu ya kuchelewa ikachukua muhula mzima. Na kujificha kule najua ulikojifunza. Ulikuwa huvuki hata kimo cha meza hii nilipokuwa nikimwona mteja anakuja kudai nguo, najikunyata nyuma ya pazia nakwambia, sema mama hayupo. Ulisema vizuri sana. Mteja mmoja aliona miguu yangu chini ya pazia, akakwambia, basi mwambie mama yako akitoka asiache miguu nyumbani tena.

Usijifiche, mwanangu. Toka nje na kosa lako likiwa bado bichi. Watu ni wepesi kusamehe kosa bichi kuliko tunavyodhani. Mimi nilianza kutoka nyuma ya pazia nikiwa mtu mzima, na wateja niliowaogopa zaidi ndio wanaokunywa chai kibarazani kwangu sasa.

Na mbinu zako zitachuja. Maharage yalichuja, taarabu nayo imeanza kuchuja, kitasa kitakuja kukuzoea na wewe utakizoea mpaka utapita bila kukiona. Usiseme, basi mimi siwezi. Sindano ikiwa butu hatuchomi cherehani moto, tunabadilisha sindano. Ulinibadilishia nyingi kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo kwako, kwa hiyo jifanyie na wewe kama ulivyonifanyia mimi. Na ukiwa kwenye mnyama, kunywa maji. Nilisema sitaandika hayo, hili limeniponyoka.

Sasa jibu lako.

Naogopa, nisikudanganye. Naogopa ile asubuhi ya kwanza ya masomo, nitakapotoka kuswali na simu iko hapo. Najua kidole changu. Nimeshamwambia baba yako akienda lindoni usiku aichukue aiweke mfukoni mwake mpaka jua litoke, na amekubali, na amecheka, jambo ambalo si la kawaida yake. Naogopa utalala ukapitiliza. Naogopa zaidi kwamba utaamka vizuri, utafika, na mimi nitabaki na alfajiri ndefu ambayo nilikuwa naijaza wewe. Hilo la pili ni langu, si mzigo wako, na nitalitafutia kazi ya mikono. Ule ukili uliouacha nusu, usiutie kwenye begi. Niachie.

Asubuhi sitapiga simu. Sitapiga siku ya kwanza wala siku ya mtihani. Kichwa changu nakirudisha kwangu na chako nakuachia wewe, kwa sababu nimekiona kinavyofanya kazi, na nakiamini.

Ila nina ombi. Kukiwa na jioni ambayo una kitabu na huna haraka, nipigie wewe. Tukishaitikiana shikamoo na marahaba, tusiongee. Weka simu mezani, usome. Mimi nitaiweka hapa pembeni ya cherehani. Nisikie tu unafunua kurasa, na wewe usikie mlio wangu. Tusindikizane.

Baba yako atakutoa mpaka stendi akitoka kazini. Mimi nitabaki hapa mlangoni, maana nikifika stendi nitaanza kukukumbusha mambo. Ukiamka, angalia kwenye kitasa. Koti lako jeupe la chuo liko pale, nimelimaliza kabla sijashika kalamu hii. Najua utaingiza sindano na uzi kwenye begi kwa tahadhari, kama wateja wangu wote. Zitoe, zinakula nafasi. Vifungo vyote vipo.

Mama yako,
fundi wa Kongowe